Mwongozo Kamili: Kupata Kibali cha Mitambo ya Umeme Karibu na Majengo ya Kale ya Pwani ya Kenya

Maombi ya kuweka paneli za sola, transfoma, nguzo na jenereta katika Mji wa Kale wa Mombasa na katika mji wa Lamu hurudishwa mara nyingi kwa sababu ile ile. Mwombaji hununua vifaa kwanza, huchagua mahali kwa kufuata urahisi wa fundi, kisha ndipo hutafuta ruhusa ya jambo alilokwisha kuliamua. Akikataliwa, hudhani afisa anachukia maendeleo.

Afisa wa uhifadhi huwa na maswali matatu. Mtambo utaonekana kutoka wapi? Utagusa nini? Na ukiondolewa baada ya miaka ishirini, jengo litabaki katika hali gani? Umbali kutoka ukutani, ambao waombaji wengi huusisitiza kwa mita na sentimita, huja nyuma ya hayo yote. Kila hatua katika mwongozo huu imepangwa ili faili lako lijibu maswali hayo kabla hayajaulizwa.

Mwongozo unahusu Kenya, na hasa majengo ya mawe ya pwani. Zanzibar, Kilwa na Bagamoyo zina sheria na mamlaka zake.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Hati ya ardhi au mkataba wa kukodi, pamoja na idhini ya maandishi ya kila mwenye haki juu ya nyumba na juu ya ardhi.
- Ramani ya eneo inayoonyesha kiwanja chako, majengo ya kale yaliyo jirani, misikiti, makaburi, visima na vichochoro.
- Vipimo halisi vya jengo: urefu wa kuta, urefu wa ukingo wa paa, upana wa vyumba na hali ya boriti.
- Picha za sasa, kila moja ikiwa na tarehe, saa na alama kwenye ramani ya mahali mpigapicha aliposimama.
- Maelezo ya kiufundi ya vifaa: ukubwa, uzito, rangi, kelele na joto.
- Mpangaji wa miji au msanifu majengo aliyesajiliwa, mhandisi wa majengo anayeyajua mawe ya matumbawe na chokaa na, kwa mradi mkubwa, mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya usimamizi wa mazingira.

Usimlipe muuzaji wa vifaa hata amana kabla ya kumaliza hatua ya nne. Aliyekwisha kulipia betri na fremu hushindwa kuusikia ushauri wa kuzihamisha.

## Hatua ya 1: Jua ulinzi uliopo

Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006 inamruhusu waziri kulitangaza jengo au eneo kuwa la urithi kupitia Gazeti Rasmi la Serikali. Jengo likishatangazwa, huwezi kulibadilisha wala kujenga ndani ya eneo lake lililohifadhiwa bila ya idhini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Zaidi ya hapo, miji ya kale ina masharti ya uhifadhi ambayo huweza kuihusu hata nyumba isiyotajwa kwa jina lake.

Kisha kuna ngazi ya dunia. Mji wa Kale wa Lamu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, Fort Jesus mwaka 2011, na mji wa kale wa Gedi mwaka 2024. Maeneo haya hulindwa pia kupitia ukanda unaoyazunguka, na nchi inatakiwa kuiarifu Kamati ya Urithi wa Dunia kuhusu miradi mikubwa kabla ya kufanya uamuzi ambao ni vigumu kuutangua. Wewe huiandikii Paris, yaliko makao ya UNESCO, barua. Taarifa hupitia kwa serikali, na hilo huongeza muda ambao lazima uuweke katika ratiba yako.

Nenda katika ofisi ya uhifadhi ya mji husika ukiwa na ramani, na uombe kuonyeshwa mipaka. Usitegemee maneno ya jirani aliyejenga ghorofa mwaka juzi bila ya kuulizwa.

Hatua hii imekamilika pale unapokuwa na karatasi moja inayosema: kiwanja changu kipo ndani au nje ya eneo la uhifadhi, majengo yaliyotangazwa yaliyo karibu ni haya, na ofisi zitakazotoa uamuzi ni hizi.

## Hatua ya 2: Thibitisha nyumba ni ya nani, na ardhi ni ya nani

Pwani, maswali hayo mawili huweza kuwa na majibu mawili tofauti. Mombasa kuna nyumba nyingi ambazo mwenye nyumba hamiliki ardhi, bali humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Kuna nyumba za wakfu, ambazo msimamizi wake hana mamlaka ya kuruhusu lolote analotaka. Kuna pia nyumba za mirathi ambazo warithi wake wako Mombasa, Dubai na Toronto, na hakuna aliyewahi kubadilisha jina kwenye hati.

Idhini ya mpangaji haitoshi kuchimbia nguzo. Idhini ya mwenye nyumba huenda isitoshe kupitisha waya juu ya ua wa jirani. Kusanya saini zote sasa, kwa sababu mrithi mmoja akijitokeza na pingamizi baada ya kibali kutolewa, kazi itasimama ukiwa umekwisha kuwalipa mafundi.

## Hatua ya 3: Omba mazungumzo ya awali

Peleka mchoro wa mkono, si michoro iliyokamilika. Mchoro wa mkono humwambia afisa kwamba bado kuna nafasi ya kubadilisha, naye atakuonyesha kwa kalamu yake mwenyewe mahali anapoweza kupakubali. Michoro iliyopigwa mihuri humlazimu kusema ndiyo au hapana, na hapana ndiyo salama zaidi kwake.

Andika muhtasari wa kikao siku hiyo hiyo na umtumie, ukiomba asahihishe palipokosewa. Maafisa huhamishwa, na anayekuja hafungwi na mazungumzo ambayo hayako kwenye faili.

## Hatua ya 4: Chagua mahali kwa macho kabla ya futi kamba

Hapa ndipo maombi mengi hufia, basi tukae kidogo.

Jengo la kale halikomi kwenye ukuta wake. Msikiti wa Mandhry, Mombasa, ambao asili yake inarejeshwa hadi mwaka 1570, unajulikana kwa mnara wake mweupe unaoonekana mbele ya anga. Ukisimamisha nguzo ya transfoma mbele yake, hata ikiwa kando ya barabara na mbali na ukuta wenyewe, umeugusa mnara. Mji wa Lamu nao husomwa kutoka majini: anayevuka kutoka kisiwa cha Manda huiona safu ya nyumba za ufukweni yote kwa pamoja, pamoja na kila tangi la plastiki na kila fremu inayong'aa iliyopandishwa juu yake. Kwa hiyo picha iliyopigwa uani kwako haithibitishi chochote. Niliwahi kuliona faili lililorudishwa likiwa na picha kumi na nne nzuri, zote zikiwa zimepigwa kutoka ndani ya kiwanja cha mwombaji.

Fanya hivi. Chukua ubao au mwanzi mrefu sawasawa na kimo cha mtambo uliokusudiwa, ufunge kitambaa chekundu juu yake, na uusimamishe mahali penyewe. Kisha zunguka. Piga picha kutoka mwanzo na mwisho wa kila kichochoro kinachoelekea hapo, kutoka mlango wa msikiti ulio karibu, kutoka gatini, kutoka kwenye mashua na kutoka paa moja la jirani. Rudia asubuhi na alasiri. Mji wa Lamu unatazama mashariki, hivyo jua la asubuhi hupiga moja kwa moja kwenye nyumba za mbele, na kioo kisichoonekana saa saba mchana huweza kung'aa kama bati jipya saa moja asubuhi.

Kwa paneli za paani, jiografia inakusaidia. Lamu iko takriban nyuzi 2 kusini mwa ikweta, na Mombasa takriban nyuzi 4, kwa hiyo paneli haihitaji kuinuliwa sana. Nyuzi 10 hutosha, na hizo ni kwa ajili ya mvua kuosha vumbi na chumvi kuliko kulifuata jua. Paneli yenye urefu wa mita 2.2 ikilazwa kwa nyuzi 10 huinuka sentimita 38 tu. Ongeza sentimita 15 za fremu, upate 53. Ukingo wa paa wenye sentimita 60 unaweza kuificha kabisa kwa mtu aliye kichochoroni. Muuzaji akikuletea fremu za nyuzi 30 zilizokusudiwa nchi za kaskazini, zikatae: hazikuongezei umeme, na zitakugharimu kibali.

Uzito nao una hesabu yake. Vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki upana mkubwa. Mara nyingi hazifiki mita 3. Paneli moja kubwa ina takriban kilo 28, na huo ni mzigo mdogo. Hatari iko kwenye matofali ya saruji ambayo mafundi huyapanga juu ya fremu ili upepo wa kaskazi na kusi usiing'oe. Mhandisi aonyeshe kwa maandishi kwamba mzigo unakaa juu ya kuta nene na haukai katikati ya boriti. Betri zikae chini, kwenye chumba chenye hewa, mbali na mbao za kale na mbali na makuti.

Utajua umefaulu utakapoweza kuweka mezani picha nane au kumi zilizopigwa kutoka mahali pa umma, nyingi zikiwa hazikionyeshi kabisa kitambaa chekundu, na chache zinazokionyesha zikiwa na maelezo ya kwa nini hapakuwa na njia nyingine. Usizifiche hizo chache. Afisa atazipiga mwenyewe.

## Hatua ya 5: Andika tathmini ya athari kwa urithi

Kwa mradi mdogo, kurasa sita huweza kutosha. Kwa mradi unaoweza kuathiri eneo la Urithi wa Dunia, tumia mwongozo wa tathmini za athari uliotolewa mwaka 2022 na UNESCO pamoja na mashirika ya kimataifa ya uhifadhi ICCROM, ICOMOS na IUCN. Mtaalamu asiyeujua si wa kumwajiri.

Anza na thamani ya jengo, kwa lugha mahususi. "Jengo la kihistoria lenye umuhimu mkubwa" ni maneno matupu. Sema kwamba lina daka (ukumbi mdogo wa mlangoni) lenye baraza mbili, mlango wa nakshi, zidaka (vishubaka vya ukutani) chumbani na lipu ya chokaa ya asili upande wa kaskazini. Kisha eleza kila kitu utakachofanya karibu na kila kimoja: tundu la waya litatobolewa wapi, lina upana gani, na litazibwa kwa nini.

Baada ya hapo weka njia mbadala ulizozikataa, angalau mbili, na sababu zake. Sehemu hii ndiyo inayokosekana mara nyingi, nayo ndiyo inayoonyesha kwamba ulifikiri. Malizia na mpango wa kuondoa mtambo: bolti zitatolewaje, matundu yatajazwa vipi, nani atalipa.

Onyo: usiandike kwamba hakuna athari. Andika athari ni ndogo, iko hapa, na itapunguzwa hivi.

## Hatua ya 6: NEMA na sauti ya wananchi

Paneli chache juu ya madrasa na kituo kikubwa cha umeme havipimwi kwa mizani moja. Tangu mwaka 2019 miradi imepangwa katika ngazi za hatari ndogo, ya wastani na kubwa, na ngazi ndiyo inayoamua kama utahitaji ripoti fupi, ripoti pana au utafiti kamili wa athari kwa mazingira. Iulize NEMA kwa barua mradi wako uko ngazi gani, na uliweke jibu kwenye faili.

Ukitakiwa kufanya utafiti kamili, kanuni ya 17 ya Kanuni za Tathmini ya Athari kwa Mazingira za mwaka 2003 inakupa masharti ya wazi: mabango mahali pa wazi karibu na mradi, tangazo gazetini kwa wiki 2 mfululizo, tangazo redioni kwa lugha rasmi na lugha ya wenyeji mara moja kwa wiki kwa wiki 2 mfululizo, na mikutano ya hadhara isiyopungua 3, ambayo taarifa yake hutolewa angalau wiki moja kabla.

Kuna anayeona haya ni mapambo. Basi aangalie Lamu. Mwaka 2016 NEMA ilitoa leseni kwa kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi, bara, kilomita kama 20 kutoka mji wa kale. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira iliifuta leseni hiyo. Miongoni mwa sababu kubwa ni kwamba mikutano iliyotajwa kuwa ya kuwashirikisha wananchi ilifanyika kabla utafiti haujakamilika, kwa hiyo watu waliambiwa mradi unakuja bila ya kuelezwa utawafanya nini, wala hawakurudiwa na matokeo.

Mfuatano, kwa hiyo, ni huu: kusanya maoni mwanzoni, fanya utafiti, kisha rudi kwa watu wale wale na matokeo, kwa Kiswahili wanachokizungumza. Jedwali la mahudhurio lenye saini mia mbili halithibitishi kwamba mtu alielezwa lolote. Kinachothibitisha ni kumbukumbu zinazoonyesha swali la mvuvi kuhusu maji ya moto yatakayotoka mtamboni, jibu alilopewa, na badiliko lililofanywa kwenye mradi.

Kwa mradi mdogo wa mtaani, sheria huenda isikudai mikutano hiyo, lakini nenda barazani hata hivyo. Anza na wazee wa mtaa na imamu, kisha hakikisha kina mama wamepata kikao chao, kwani kelele za jenereta na kivuli cha nguzo uani wao ndio watakaokaa nazo mchana kutwa. Usiitishe mkutano Ijumaa mchana, wala siku za Maulidi Lamu, halafu ukashangaa kuwa hakuna aliyekuja.

Mwenye malalamiko dhidi ya uamuzi wa leseni ya NEMA ana siku 60 za kwenda Mahakama hiyo ya Kitaifa ya Mazingira. Usimwage zege ndani ya siku hizo.

## Hatua ya 7: Wasilisha ombi kaunti

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka kibali cha ujenzi kutoka serikali ya kaunti kabla kazi haijaanza. Anayeanza bila ya kibali anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, kufungwa hadi miezi 2, au vyote viwili, na huweza kuamriwa kurudisha mahali kama palivyokuwa.

Faili liwe na mpangilio huu: barua ya ombi, barua ya idhini ya Makavazi iliyotajwa katika hatua ya 1, umiliki na idhini nyingine, ramani, michoro, picha, tathmini ya urithi, jibu la NEMA, ripoti ya mhandisi na kumbukumbu za vikao. Barua ya Makavazi ikae juu hivyo, isizikwe kwenye viambatisho. Chukua risiti yenye tarehe.

Sheria inasema mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, kibali huchukuliwa kuwa kimetolewa. Tafadhali usijenge kwa kutegemea kifungu hicho ndani ya mji wa kale. Ukimya wa kaunti hauondoi haja ya idhini ya Makavazi wala ya NEMA, na paneli zilizopandishwa kwa nguvu ya ukimya huzaa kesi. Siku ya 45, andika barua ya kukumbusha.

Ukikataliwa, unazo siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti ya mipango ya ardhi. Kabla ya hapo zisome sababu: ikiwa ni mahali tu, kuhamisha mtambo mita sita na kuomba upya huweza kuwa haraka kuliko rufaa.

## Hatua ya 8: Upande wa umeme wenyewe

Hapa ugumu si mwingi. Chini ya Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, anayezalisha umeme kwa matumizi yake mwenyewe usiozidi megawati 1 hahitaji leseni ya uzalishaji. Fundi wa sola lazima awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na mafuta, inayolingana na ukubwa wa kazi, omba nakala. Ukitaka kurudisha umeme wa ziada kwenye gridi, fuata kanuni za mwaka 2024, ambazo nazo zina kikomo cha megawati 1.

Omba tu kwamba mita na masanduku yote yaingie ndani. Sanduku la kijivu kando ya mlango wa nakshi ndilo jambo dogo linaloudhi kuliko yote.

## Hatua ya 9: Kazi yenyewe

Kibali huja na masharti, na masharti huvunjwa na fundi ambaye hakuwahi kuyasoma. Yatafsiri kwa Kiswahili chepesi na uyabandike ukutani mahali pa kazi.

Tundu litobolewe kwenye kiungo cha chokaa, si katikati ya jiwe, na lizibwe kwa chokaa. Saruji ni ngumu kuliko matumbawe na hufungia unyevu ndani. Chumvi ikitafuta pa kutokea husukuma lipu iliyo kando ya tundu, nayo hubanduka kama maganda. Bolti ziwe za chuma cha pua, kwani bolti ya kawaida katika upepo wa bahari hutoa michirizi ya kutu kwenye ukuta mweupe upesi sana.

Kuchimba ndiko kunakosahauliwa. Fimbo ya kupitisha umeme ardhini, shimo la nguzo na mtaro wa waya vyote vinaingia katika udongo wenye vigae na misingi ya karne nyingi. Ukikutana na ukuta, kaburi au rundo la vigae, simamisha kazi, usikiondoe kitu, na uyaarifu Makavazi. Sheria inakupa siku 7, lakini simu ya siku ile ile ndiyo itakayokufungulia kazi mapema. Mwalike afisa aje mtaro unapofunguliwa, kabla haujafukiwa.

Mwisho wa kazi, piga tena picha kutoka sehemu zile zile ulizosimama na kitambaa chekundu, kwa saa zile zile, na uzipeleke ofisi ya uhifadhi pamoja na michoro ya kilichojengwa hasa. Zikifanana na ulizoahidi, omba barua ya kukamilisha, na uiweke pamoja na hati ya nyumba.